Mwanamke wa Mlangoni

Jioni hiyo Blandine alifanya jambo ambalo msimulizi wa mchezo hafanyi: alijitia mwenyewe ndani ya hadithi.

"Umefika ku nyumba ya mwisho," alimwambia baba yake. "Pa mulango kuko mwanamuke moja. Iko na kovu pa kidevu, na iko analia. Unafanya nini, papa?"

Mzee aliinamia meza. Mchezo huu ni yeye aliyemfundisha, miaka ile alipokuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba cha Shituru: mmoja anasimulia, mwingine anakuwa msafiri, dadu inaamua. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umefagia kumbukumbu zake zote, ukamwachia sheria hizo tu.

"Nataka kujua kama minamujua," alisema.

"Tupa dadu. Ukipata tano ao sita, unamujua."

Dadu ilikuwa ya shaba, ambayo mzee aliichonga mwenyewe, nukta zake zimelika kwa kidole gumba chake. Aliitikisa muda mrefu. Blandine, ambaye hakuwa amesikia jina lake kinywani mwa baba tangu Pasaka, alishika ukingo wa meza.

Sita.

Uso wa mzee ulichangamka. Alimshika binti yake mkono, akamtazama machoni, kisha pale kwenye kovu la kidevu, kwa furaha ileile ya zamani.

"Sita, mama. Sheria ni sheria. Minamujua."

Akasogeza kiti karibu, akasubiri msimulizi aendelee.

"Sasa weye uniambie," alisema. "Ni nani?"