Poti ya Njano

Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025. Mvua ilinyesha hadi alfajiri, na ukungu mweupe ulikuwa bado umeifunika migomba ya Nyabusozi. Ishimwe, mwenye miaka mitatu, alikuwa amesimama uani bila suruali, amevaa poti ya njano kichwani.

"Mwanangu, hiyo si kofia," mama yake alisema. "Ivue, uikalie. Mwalimu yuko njiani."

"Sitaki."

"Mwache, Mama Ishimwe," jirani yao Domisiana alicheka kutoka upande wa pili wa ua. "Kesho ataivaa kanisani."

Nimpaye, mama yake Ishimwe, hakucheka. Jumatatu alitakiwa kuanza mafunzo ya ushonaji Biharamulo mjini, nafasi aliyoiombea tangu mwaka jana kwa kufunga na kusali. Ishimwe angebaki chekechea ya kanisa. Lakini Mwalimu Consolatha hakupokea mtoto asiyetumia poti, na leo alikuwa anakuja kujionea mwenyewe. Mtoto akikataliwa, cherehani nayo basi.

Alikuwa amejaribu kila njia. Alimbembeleza kwa ndizi mbivu. Alimwimbia. Alimtisha kidogo, kisha akamwomba Mungu msamaha kwa kumtisha. Ishimwe alisubiri mama ageuke, halafu akakimbilia migombani.

Msaada wake mkubwa ulikuwa baba mkwe, Mzee Havyarimana, mzee wa kanisa na mjumbe wa kamati ya afya ya kitongoji. Hakuna aliyehubiri habari za choo kama yeye. Siku Nimpaye alipoolewa alikuta choo cha bati kiko tayari nyuma ya nyumba, mzee amekichimba kwa mikono yake. Na alimheshimu mkwe kwa desturi za zamani: hakukalia kiti alichokalia Nimpaye, na wakikutana mlangoni alirudi nyuma, akasubiri apite.

Kila asubuhi baada ya sala alimshika mjukuu mkono, jembe begani, wakaenda kupalilia migomba. "Nakupunguzia kazi, Mama Ishimwe," alisema. Nimpaye alimshukuru Mungu. Hata jembe lilirudi safi, halina chembe ya udongo. Mzee alipenda usafi.

Leo alikuwa amemfundisha Ishimwe maneno ya kusema.

"Dawa ya tabia ni ahadi," alimweleza Nimpaye. "Mtu akitamka kwa kinywa chake mbele ya mashahidi, Mungu anasikia. Harudi nyuma tena."

Mwalimu Consolatha alifika, buti zimejaa matope. Domisiana naye alizunguka ua, akaja kushuhudia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Ishimwe, simama vizuri, useme hivi: Mimi Ishimwe nimeacha migomba. Kuanzia leo nitakaa kama watu. Mungu anisaidie."

"Siachi," alisema Ishimwe.

Domisiana alifunika mdomo kwa kanga. Nimpaye aligeukia pembeni kuficha machozi.

"Mwalimu, nipe wiki moja tu."

"Mama Ishimwe, watoto wamenijaa, na mimi ni mmoja." Mwalimu alichuchumaa mbele ya mtoto. "Kwa nini hutaki poti, baba?"

"Mimi mkubwa."

"Wakubwa hawakai?"

Ishimwe alimtazama Mwalimu kama anavyotazamwa mtu asiyejua mambo. Akamshika mkono. "Twende nikuonyeshe."

Mzee alikohoa. "Kuna matope kule, Mwalimu. Utateleza."

Lakini Domisiana alikwishatangulia. Walipita chini ya majani yanayodondosha maji, Ishimwe mbele na poti yake kichwani, hadi penye mgomba mnene kuliko yote. Mkungu wake ndio ulioshangiliwa kanisani siku ya sadaka ya mavuno, na watu wote waliuliza umewekwa mbolea gani.

Ishimwe alionyesha mgomba mdogo ulio kando yake.

"Hapa pangu."

Kisha akaonyesha ule mnene.

"Pale pa Babu."

Mzee alivua kofia. Alitazama bati la choo likimetameta kule nyumbani, akamtazama mkwewe, akatazama chini.

"Nafasi ya Ishimwe ipo," Mwalimu alisema taratibu. "Lakini ile ahadi itamkwe. Na aanze mkubwa."

Ishimwe alishusha poti chini, akaikalia, apate kusikiliza vizuri.

"Mimi Havyarimana," mzee alisema kwa sauti ya kusikika, "nimeacha migomba. Choo cha mkwe siwezi kuingia, kwa hiyo leo hii nachimba changu. Na kuanzia leo nitakaa kama watu. Mungu anisaidie."