Mlio wa Difu

Kondo alikuwa ameshaitia spana nati ya kwanza ya difu kuukuu, lile bonge la gia za ekseli ya nyuma, chini ya gari la marehemu kaka yake, pale shemeji yake, mjane wa marehemu, alipomwita kutoka nyuma ya pazia la dirisha.

"Shemeji, unaitoa?"

"Naitoa. Ekseli mpya hii hapa, nene kama paja, na gia zake. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeziagiza. Gari la zamani hili, injini ya mbio aliyoitia ilishaushinda mgongo wake."

"Na haitalia tena?"

"Difu nikiifunga mimi hailii!" alijibu Kondo kwa majivuno.

Mwanamke yule alikuwa ndani ya eda, na tangu mazishi hakuna aliyemwona akidondosha chozi.

"Kila Magharibi nilikuwa naisikia ikilia tangu kwenye kona ya kwenda Bungu," alisema taratibu. "Nikajua mume wangu huyo, nikaenda kumfungulia. Nenda na gari hadi konani, shemeji, urudi. Mara moja tu. Kisha uitoe."

Kondo aliikaza tena nati, akashusha jeki, akajifuta mafuta meusi viganjani kabla ya kushika usukani.

Konani aligeuza. Difu ikaanza kulia, mlio ule mwembamba aliokuwa akimtania nao kaka yake. Safari hii aliuacha ulie, akaja nao polepole mpaka mbele ya nyumba, akazima injini.

Ndani, komeo la mlango lilikuwa linavutwa.