Kura ya Zamda

Vyama vilibishana wiki tatu juu ya mpango wa mageuzi: kila mgonjwa wa kitandani apewe mashine ya kumuuguza, na umeme wake upatikane kwa kuzima mitambo inayotunza sauti za marehemu. Chama tawala kilisema walio hai kwanza. Wapinzani wakajibu kwamba mtu hazikwi mara mbili. Wananchi walipoulizwa, kila mtaa ujiamulie, mtaani kwa Zamda mpango ukaanguka kwa kura moja.

Jirani yake, Mama Kibibi, alipita na beseni la shuka za mama yake aliyepooza.

“Tumeshindwa, shoga. Kuna mchawi kati yetu. Afadhali wewe ulikuwa nasi.”

Zamda alimpokea beseni, wakafua pamoja, asithubutu kumtazama usoni.

Aliporudi ndani, marehemu mumewe, aliyeupigania mpango ule enzi za uhai wake, alimwuliza kutoka kwenye mtambo wa ukutani, “Mama Salha, mpango umepita?”

“Bado wanabishana.”

“Nawajua hao,” sauti ikacheka. “Ila wewe usichoke. Yule bibi wa jirani anateseka.”

Zamda akajifunika kanga usoni, kana kwamba ukuta nao ulikuwa na macho.