Kanga Nyekundu Uani

Miaka yote mama yao alipopanda kilimani kuokota kuni msituni, Tunu ndiye aliyebaki kupika. Chakula kikiiva, alianika kanga nyekundu uani. Mama akiiona kutoka juu, alijitwika kuni zake akateremka. Na Tunu akimwona yuko njiani, aliianua.

Arobaini ya mama ilipopita, Tunu alipanda kilimani kwa mara ya kwanza, yeye na mdogo wake Sefu. Nyumba walikuwa wameifunga, na kanga yenyewe alikuwa amejifunga kiunoni. Chini, mji mzima ulitandaa juani. Alilitafuta paa lao mpaka akalipata.

Jikoni kulikuwa kunafuka moshi. Uani, kwenye kamba, kitu chekundu kilipepea.

“Dada,” Sefu alinong’ona, “nani yuko kwetu?”

Tunu alijipapasa kiunoni. Kanga ilikuwapo.

“Chakula kimeiva,” alisema taratibu. “Tusimcheleweshe.”

“Dada, usiende! Si tulimzika wenyewe?”

Lakini Tunu alikwisha kushika njia ya kuteremka. Sefu aliidaka kanga yake, ikafunguka, ikabaki mikononi mwake. Dada yake hakugeuka.

Kule chini, mtu alikuwa anaianua ile nyingine.