Unga Wenye Nguvu

"Siyo huo!" mzee alitaka kusema, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa "aaah", na ute ukamtelemka kidevuni.

Mkwe wake aliufuta kwa kitambaa. "Unaona joto, baba? Nikufungulie dirisha?" Kisha akarudi mezani na kukata ncha ya pakiti ya unga usiofaa sana kwa mkate.

Mzee alikuwa mwokaji tangu ndevu hazijamwota. Mtaani walimwita Mzee Hamira, kwa ajili ya kazi yake, na pia kwa sababu hakukawia kuumuka: ukikosea unga mbele yake, tafuta pa kujificha. Sasa kiharusi kilikuwa kimemkalisha kwenye kiti chenye mito, mikono imelala mapajani kama vitu vya kuazima, ulimi mzito kama gogo. Akili ilikuwa nzima. Hilo ndilo lililomtesa.

Siku aliyotoka hospitali alimwona daktari akimvuta mkewe pembeni. Walinong'ona kwa muda mrefu, mke akiitikia kwa kichwa. Mzee akajua ameshakatiwa tamaa.

Na asubuhi hii mwanawe alimwinamia sikioni, akasema kwa sauti kubwa, kana kwamba kiharusi kimeziba na masikio: "Baba, shule wamechoka nasi. Mikate ya leo ikiharibika kama ya jana, wanahamia kwa mwokaji mwingine. Mke wangu ndiye atakayeoka. Wewe kaa naye tu."

Ndiyo huyo sasa: bibi arusi wa juzijuzi, asiyewahi kumwona mzee akikanda. Mbele yake amesimamisha kitabu cha mapishi cha Kimarekani, na kando yake pakiti za dukani zilizoandikwa kwa Kiingereza cha Waingereza.

"Kitabu kinataka 'bread flour'," alisoma, akiziinua pakiti moja moja mbele ya uso wa mzee. "Hapa siuoni. Kuna 'plain'. Kuna 'self-raising'. Kuna 'strong', yaani wenye nguvu. Nguvu za kubeba nini, baba? Zege?" Akausukuma ule wa 'strong' mwisho wa meza.

Mzee alifumba macho. Ndiyo huo! Unga ni uleule, jina ndilo linalobadilika ukivuka bahari. Anachokiita Mwingereza 'strong', Mmarekani hukiita 'bread flour': unga unaovutika, unaoushika mkate usianguke. 'Plain' ya huyu ndiyo 'all-purpose' ya yule. Maneno yote yalikuwa tayari kichwani. Mlango tu ndio uliokwama.

Jana ilikuwa 'self-raising' iliyomfurahisha mkwe. "Unajiumua wenyewe! Kazi imekwisha!" Unga ule umekwisha tiwa baking powda kiwandani, naye akaongeza hamira juu yake. Mikate ikatoka inamong'onyoka kama kichuguu kilichonyeshewa. Mzee alilia. Mkwe akampangusa machozi, akasema ni moshi wa jiko.

Leo alikuwa amekata 'plain', na hasira ya kwanza ilipopungua mzee akapata tumaini kidogo. Kwa shida, hata 'plain' hutoa mkate. Mnyonge, lakini mkate.

"Halafu 'corn flour' kidogo," mkwe alisoma. "Unga wa mahindi. Na huu hapa, 'cornflour'. Angalau hapa wameelewana!"

Hawakuelewana hata kidogo. Kitabu kilitaka unga wa mahindi wenyewe. Pakiti ile ilikuwa wanga mtupu, ule mweupe wa kuupa mchuzi uzito. Mkwe alijaza kikombe. Akamtazama mzee. Akamimina. Akajaza tena, akamtazama tena.

Mzee alijaribu kuinua mkono, ukagoma. Akajaribu kupiga mguu chini, nao ukagoma. Pua yake, ambayo tangu augue ilimletea harufu ya mkate mzuri hata pasipo na mkate, ikamcheza shere kama kawaida. Aliona shule inaondoka, duka linafungwa, kazi ya maisha yake inazama ndani ya bakuli lile, naye amekaa hatua mbili tu kutoka hapo, kama gunia.

"Nimalizie pakiti nzima, baba?" aliuliza mkwe kwa upole. "Maji tumeshayavulia nguo."

Akaiinua. Wanga ukaanza kushuka, mweupe, bila haraka.

Mzee alitetemeka mpaka kiti kikalia. Damu ilimpanda shingoni, jasho likamtoka, na kitu kikapasuka kooni mwake.

"M-mj... mjinga!"

Pakiti ilimponyoka mkwe mkononi. Vumbi jeupe likatimka, likawafunika wote wawili. Mzee alisubiri uso wa yule binti ukunjamane. Tusi lile lilikuwa kubwa, na mkwe hatukanwi. Lakini binti alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo! Ameniita mjinga!"

Mlango wa stoo ukafunguka papo hapo. Mke wa mzee alisimama kizingitini, unga umemjaa hadi viwikoni, na nyuma yake mikate ya shule imepangwa safu kwa safu, mirefu, ya rangi ya asali. Alimtazama mumewe, midomo ikamcheza, kisha akamgeukia mkwe wake.

"Usimwache apoe, mwanangu," alisema. "Daktari alisema tumchokoze. Haya, tia na mayai, pamoja na maganda yake."