Kichwa Kisicho na Jina

Kwenye skrini ya mhandisi kulikuwa na kichwa cha mtu kisicho na uso. Uso ulikuwa umefutwa makusudi. Ndiyo kanuni ya kitengo chao hospitalini: picha za mgonjwa humfikia mpiga hesabu bila jina wala sura, asije akapendelea. Nyuma ya macho ya kichwa hicho kulikuwa na uvimbe, na mhandisi, ndiye mpiga hesabu, alitakiwa kuchagua programu ya kupigia hesabu ya mawimbi ya redio yatakayouchoma.

Programu zilikuwa mbili. Moja ilitoa jibu kabla chai haijapoa, ila iliuchukulia ubongo kana kwamba unayapokea mawimbi ya masafa yote kwa namna moja. Ya pili iliyafuata masafa moja moja, kwa sababu nyama ya mwili huyapitisha mengine na kuyanasa mengine. Hiyo ilihitaji wiki mbili.

"Tumia ya haraka," alisema mkuu wa kitengo. Wafanyakazi walimwita Chapuchapu akiwa hayupo. Aliingia bila hodi, akajigonga kwenye kona ya meza, akaitukana meza.

"Mkuu, tumeijaribu kwenye kichwa cha mfano, cha jeli. Joto lilitokea upana wa kidole pembeni ya pale iliposema. Kwa mgonjwa huyu, hapo pembeni ndipo ulipo mshipa wa macho."

"Nisomee matokeo."

Si hayo hapo mbele yako, alitaka kumjibu. Akameza hasira, akasoma. Mkuu alisikiliza huku akijimiminia chai, nusu ikaishia kwenye sahani.

"Mgonjwa hana wiki mbili," alisema. "Uvimbe unakua."

"Na akipofuka? Huyu ni mtoto wa watu, Mkuu. Ameulizwa?"

"Ameulizwa. Yuko tayari kubahatisha."

"Mtu akiogopa hukubali chochote."

"Kweli," alisema Mkuu taratibu. "Anaogopa sana."

Mhandisi alichukia. Alimwona bosi anayetaka kumaliza kazi aende zake nyumbani. Lakini mwenye kuchagua programu ni mpiga hesabu peke yake, na bila saini yake mashine haiwashwi. Kanuni hiyo aliiandika Chapuchapu mwenyewe, enzi alipokuwa bado na subira.

"Basi nachagua ya polepole. Kama hutaki, tafuta mhandisi mwingine."

Alijiandaa kufokewa. Mkuu alihangaika kidogo na kitasa, akatoka.

Kesho yake ikasikika kwamba amechukua likizo. "Kasusa huyo!" walicheka ofisini. Mhandisi hakucheka. Usingizi ulikuwa umempaa. Kila asubuhi alikuta hesabu imesogea kidogo tu, na kichwa kile kikamkaa moyoni kama cha ndugu yake wa damu. Je, kama Chapuchapu alisema kweli? Mara mbili alishika simu amwambie waanze tu na ile ya haraka, na mara zote mbili akairudisha mezani.

Hatimaye jibu likatoka. Antena igeuzwe kidogo, masafa ya juu yapunguzwe, na joto lote litaishia ndani ya uvimbe. Mshipa wa macho hautaguswa. Mhandisi alipiga kigelegele peke yake, akatia saini, akashuka ngazi mbio kuelekea wodini. Saini ikishawekwa, kanuni humruhusu mpiga hesabu kumwona mgonjwa, naye alitaka kumpa habari njema kwa kinywa chake mwenyewe.

"Chumba cha mwisho," alisema muuguzi, akainamisha uso.

Mhandisi alisukuma mlango huku bado anatabasamu. Kitandani alikuwa amekaa Chapuchapu, amenyolewa nywele zote, macho yake yakimwelekea yeye moja kwa moja.

"Nani hapo?" akauliza.