Chungu cha Mama Eduviges

“Umekifukia sawasawa?”

“Hata mimi mwenyewe sikioni tena,” alijibu Wenceslao, akijipangusa udongo magotini. Kwa macho yake yale mabovu, jibu hilo halikumtuliza mkewe hata kidogo.

Wiki nzima Mama Eduviges alikuwa amejifungia akifinyanga chungu cha uongo. Umbo aliliiga kwenye kile cha kuchemshia mahindi alichoachiwa na bibi yake. Akakipaka rangi nyekundu, akakifukiza moshi jikoni hadi vikawa kama pacha. Asubuhi hiyo, yeye akiwa sokoni, mumewe aliingia jikoni, akachukua chungu akaenda kukizika kilimani.

Kilima chenyewe kilikuwa hatarini. Mkandarasi wa barabara alisema ni rundo la mawe tu, na tingatinga lilishafika kuyageuza kokoto. Lakini hapo ndipo Wamaya wa kijiji kile walipoombea mvua tangu enzi za mababu, na kila mtu aliamini kuwa chini yake wamelala wafalme. Mtaalamu wa mambo ya kale aliyeitwa kukichunguza asipokuta kitu leo, basi tena.

Mtaalamu huyo, Daktari Ileana wa chuo kikuu, alipiga magoti, akakwangua udongo taratibu. Kijiji kizima kilimzunguka. Ghafla akanyanyua chungu kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

“Jamani! Hiki kina zaidi ya miaka elfu moja!”

Mama Eduviges alijiziba mdomo kwa mtandio asije akavunjika mbavu. Miaka elfu! Juzi tu kilikuwa bonge la udongo viganjani mwake.

“Na oneni ndani,” daktari aliendelea, akikiinamisha. “Utando wa chokaa. Walikuwa wakichemshia mahindi kwa chokaa yalainike, kama mnavyofanya hadi leo!”

Chokaa? Hilo Mama Eduviges hakuwa amelifikiria. Kumbe mzee naye mjanja! Akamkonyeza mumewe. Wenceslao naye akakonyeza, bila kujua anakonyezea nini.

Mkandarasi alinuna, akaamuru tingatinga liondoke. Kofia zikarushwa juu, wanawake wakakumbatiana, na mtu mmoja akafyatua fataki mchana kweupe. Mama Eduviges alirudi nyumbani akicheza njia nzima, furaha imemjaa hadi kooni.

“Mikono hii, mzee! Imemdanganya daktari mzima wa chuo kikuu!”

“Basi ikanipikie tortila, zile chapati zako za mahindi. Njaa inaniuma.”

“Leo utakula mpaka uombe msamaha!”

Alikimbilia jikoni akiimba, akamimina mahindi kwenye chungu kilichobaki mekoni, akatia maji na chokaa, akachochea kuni. Aliimba hadi maji yalipoanza kuchemka. Hapo akanyamaza.

“Wenceslao,” aliita polepole, “hebu njoo.”

Rangi nyekundu ilikuwa inachuruzika ubavuni mwa chungu, ikidondokea motoni.